Mfanyabiashara wa Korosho na Kipimo cha Kutosha



Mikorosho ya Newala na Masasi inapotoa maua, kuanzia Juni hadi Agosti, nyumba nyingi huwa zimeishiwa. Fedha za msimu uliopita zimekwisha, ada ya mtoto inadaiwa, pengine na mgonjwa yupo ndani. Hapo ndipo hodi hupigwa. Mgeni ana fedha taslimu, naye anataka korosho ambazo bado ni maua. Biashara hiyo huku kwetu inaitwa kangomba.

Mkulima hupokea fedha leo kwa bei ya chini, kisha msimu ukifika hulipa kwa korosho, mara nyingi zikipimwa kwa bakuli au kopo badala ya mizani. Serikali imeipiga marufuku. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, humtaka mkulima apeleke mzigo chama cha msingi, upimwe kwa kilo, halafu uuzwe mnadani kupitia vyama vikuu kama TANECU na MAMCU. Hata hivyo kangomba haijafa. Mnada husubiri Oktoba, njaa haisubiri.

Je, basi, kutajirika kwa biashara ni dhambi?

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na swali hili kwa Aristotle. Katika kitabu chake cha Siasa anasimulia habari za Thales wa Mileto, mwanafalsafa aliyechekwa kwa umaskini wake. Thales alisoma nyota, akaona mavuno ya zeituni yatakuwa makubwa. Wakati wa baridi, bei ikiwa ndogo, akakodi mitambo ya kukamulia mafuta. Mavuno yalipofika aliikodisha kwa bei aliyoitaka, akapata fedha nyingi. Alitaka kuonyesha tu kwamba mwanafalsafa anaweza kutajirika akipenda, ila hilo silo analolitafuta.

Thales naye alilipa kabla ya msimu, kama mtu wa kangomba. Lakini alijua fedha zile ni za nini. Aristotle anafafanua kwamba mahitaji ya nyumba yana mpaka: aliyeshiba ugali ameshiba. Fedha inayotafutwa kwa ajili ya fedha haina mpaka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliipokea hoja hiyo akaiendeleza: faida yenyewe si jema wala si ovu. Huwa halali inapoelekezwa kwenye riziki ya familia, msaada kwa wahitaji au manufaa ya jamii.

Kwa hiyo gari au nyumba nzuri si anasa kwa sababu tu ni ya gharama. Anasa huanza pale mtu anapopoteza kipimo cha kutosha. Kipimo hicho kikipotea, na mizani hufuata: bakuli hujazwa mpaka likafurika, likahesabiwa kilo moja. Yule tajiri mpumbavu katika Injili ya Luka, sura ya 12, kosa lake halikuwa mavuno mengi. Alipanga maghala makubwa zaidi, na katika mipango yake yote jirani hakutajwa.

Tuseme ukweli. Mnunuzi wa kangomba mara nyingine ni muumini mwenzetu, tena sadaka yake ni nono. Nasi waseminari tunasomeshwa kwa michango ya waamini. Hatuwezi kumnyooshea kidole huku tukipokea bahasha yake bila kumuuliza, kwa upole, korosho zile zilipimwa kwa nini.

Wala kuuliza peke yake hakutoshi. Malipo ya mnada yanapoingia, kila jumuiya ndogo ndogo inaweza kutenga kiasi kidogo kwa ajili ya miezi ya ukata. Jirani akiwa na pa kukopa mwezi wa Julai, hatakuwa na sababu ya kuuza maua.