Kipa Aliyepotea

Nimeshika kalamu nieleze jambo lililonikosanisha na binamu yangu kwa muhula mzima. Chanzo ni goli moja tu, wala si goli la uwanjani. Ni goli la vidio gemu, tena ya kale, ile ya kaseti ambayo wengi wenu mnaiona takataka tangu pleisteshoni zilipojaa mjini Migori.

Mtambo wenyewe ni wa baba mdogo. Aliununua zamani akifanya kazi hapa Migori, na aliporudi nyumbani Homa Bay akaubeba pamoja na runinga yake yenye kisogo kirefu. Runinga hiyo haina kazi nyingine siku hizi. Matangazo ya analogi yalipozimwa nchini mwaka 2015, baba mdogo hakununua kisanduku cha dijitali, basi ikabaki ya gemu peke yake. Nyanya huiita sanduku la makelele.

Mtambo huo ni mwigo wa Famicom, mashine ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Viwanda vingine viliiga na kuuza miigo hiyo kwa bei ya chini katika nchi nyingi, nayo ndiyo iliyotufikia sisi. Ukiugeuza wa baba mdogo juu chini hutaona neno Nintendo popote, lakini ukichomeka kaseti unafanya kazi ileile.

Kaseti tuliyoipenda ni ya Nintendo World Cup, gemu iliyotengenezwa na kampuni ya Technos ya Japani na kutoka mwaka 1990. Jameni, hiyo si kandanda ya kawaida! Kila upande una wachezaji sita, kipa akiwemo. Wana vichwa vikubwa na miguu mifupi. Hakuna kuotea, hakuna kadi, wala hakuna faulo. Ukimpiga mtu kikumbo mara kadhaa anazirai na kulala hapohapo hadi kipindi kiishe, na hakuna wa kumletea machela. Viwanja navyo ni vituko: kimoja cha mchanga, kingine cha barafu ambacho mtu huteleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Halafu kuna mkwaju maalumu, unaoruhusiwa mara chache tu kila kipindi. Ukiupiga, mpira unaruka kama kimondo na kuwabwaga wote walio njiani. Baba mdogo husema mkwaju huo ni wa Gor Mahia, na hamaanishi klabu iliyoundwa mwaka 1968. Anamaanisha mganga mwenyewe wa Kanyamwa, kule Ndhiwa, ambaye klabu ilipewa jina lake na ambaye wazee husimulia kwamba aliweza kujigeuza apendavyo.

Timu ni 13, zote za mataifa, na Afrika imepewa moja pekee: Kameruni. Huenda ni kwa sababu ya Kombe la Dunia la mwaka huohuo wa 1990, Kameruni ilipoifunga Argentina 1-0 katika mechi ya ufunguzi na kufika robo fainali. Sisi wawili tuligombania Kameruni kila siku hadi nyanya akaamua tupokezane.

Siku ya kisa, Kameruni ilikuwa zamu yangu. Matokeo ni 3-3, dakika zinayoyoma. Binamu yangu akaja na mpira hadi langoni pangu, mabeki wangu wawili wakamkaba, mwenzake akafika, na kipa wangu akawa tayari. Ghafla kipa akapotea! Akaonekana, akapotea, akawa kama taa inayotaka kuzimika. Mpira ukaingia wavuni. Binamu yangu akaruka juu. Mimi nikasema ameupiga mtambo kwa goti, maana alikuwa ameketi karibu nao. Akakana. Nikamwita mwizi mbele ya nyanya. Wee! Hakunisemesha tena mpaka likizo ikaisha, nami nikarudi shuleni bila kumuaga.

Muhula huo nilimweleza mwalimu wetu wa kompyuta habari za kipa. Nilidhani angenituliza kwa neno moja au mawili. Alicheka, akachukua chaki.

Kwanza, alisema, runinga ya kisogo haichori picha kwa mkupuo. Inachora mstari mmoja mwembamba kutoka kushoto hadi kulia, kisha unaofuata chini yake, mpaka ifike mwisho wa kioo, halafu inaanza tena juu. Runinga zetu za zamani zilifanya hivyo mara 50 kila sekunde, ndiyo sababu jicho linaona picha moja tulivu. Picha ya Famicom ina nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu.

Pili, uwanja na wachezaji havichorwi kwa njia moja. Uwanja ni kama mkeka uliotandikwa. Wachezaji na mpira ni vipande vidogo vinavyowekwa juu ya mkeka, kila kipande kikiwa na upana wa nukta 8. Mtambo unaweza kubeba vipande 64 kwa jumla katika picha moja. Hapo sawa. Lakini katika mstari mmoja wa kioo hauwezi kuchora zaidi ya vipande 8.

Fikirieni matatu ya Rongo kwenda Homa Bay, lakini yenye viti 8 tu, na utingo ambaye anaogopa sheria za Michuki za mwaka 2004 kuliko anavyomwogopa mkewe. Abiria wa tisa anabaki stejini. Habembelezwi wala hakalishwi juu ya gunia.

Sasa tuhesabu. Mchezaji wa gemu hii ana upana wa takribani vipande viwili. Kipa wangu, mabeki wawili na washambuliaji wawili wa binamu yangu ni watu watano, yaani vipande 10. Ongeza mpira, vinakuwa 11. Viti ni 8. Vitatu havichorwi!

Kama mtambo ungewaacha walewale kila picha, kipa angepotea kabisa. Waliounda gemu walilijua hilo, basi wakafanya ujanja: wanabadilisha mpangilio wa abiria kila mara. Picha hii anaachwa kipa, inayofuata beki, inayofuata mpira. Mambo yanakwenda kasi mno hata jicho halioni mtu aliyepotea, linaona watu wanaopepesa. Kumbe kule kupepesa si ubovu wa mtambo. Ni haki inayogawanywa kwa zamu, kama nyanya na Kameruni yake.

Lakini swali langu lilibaki. Ikiwa kipa hakuchorwa, je, si ndiyo sababu hakudaka? Mwalimu akatikisa kichwa. Kuchora ni kazi ya chipu nyingine. Hesabu za mchezo hufanywa na chipu kuu, nayo huweka mahali alipo kila mchezaji katika kumbukumbu ya mtambo. Kumbukumbu hiyo ni baiti 2,048, haitoshi hata kuhifadhi nusu ya makala haya, ila inatosha kujua kipa amesimama wapi. Chipu hiyo haijali nani amechorwa na nani hajachorwa. Kwa hiyo kipa wangu alikuwepo langoni muda wote. Alishindwa tu.

Msiniamini bure. Mkipata mtambo kama huo, ngojeni wachezaji wajazane, kisha mwangalie walivyojipanga. Wakisimama bega kwa bega kutoka kushoto kwenda kulia, watapepesa. Wakijipanga kama foleni ya chakula kutoka juu kwenda chini, hawapepesi, maana kila mmoja yuko katika mistari yake. Katika gemu hii magoli yako kushoto na kulia, hivyo anayeshambulia, anayekaba na kipa hujikuta mara nyingi katika mstari mmoja, tena wakati ule hasa unapotaka kuona vizuri.

Huko Uingereza, kampuni ya Sensible Software ilitoa Sensible Soccer mwaka 1992, kwa kompyuta zenye nguvu zaidi kama Amiga. Wao waliwafanya wachezaji wadogo kama siafu, wakaonekana kutoka juu, wakaenea wote 11 kila upande, na mtu akacheza kwa kitufe kimoja tu. Ukishapiga mpira unaweza kuukunja hewani kwa kusukuma usukani. Jon Hare, mmoja wa waliouunda, amerudi miaka hii na gemu ya mtindo uleule iitwayo Sociable Soccer. Gemu za leo zinazojifanya za kale hazina tatizo la viti 8. Wachezaji wake hawapepesi, na mimi naona zimepungukiwa kidogo.

Likizo ya Agosti nilikwenda Homa Bay na karatasi yenye hesabu zote. Tuliwasha mtambo, stima ikapotea, tukangoja mpaka usiku. Iliporudi nilimwonyesha binamu yangu kupepesa kwa bega kwa bega na kutopepesa kwa foleni. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Kwa hivyo lile goli ni langu?" akauliza.

Nikamwambia ni lako, na nisamehe kwa lile neno. Akachukua mkaa jikoni, akaenda kuandika 4-3 ukutani nyuma ya runinga, mahali ambapo nyanya hafagii.