Je, Wajua? Mji wa Same unaweza kupotea kwenye kisanduku cha kutafutia

Je, wajua kwamba faharasa inayotafuta maneno ndani ya tovuti ina asili ya kale kuliko kompyuta? Katika karne ya 13, watawa wa Kidominiko mjini Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, waliorodhesha maneno ya Biblia ya Kilatini na kuonyesha kila neno linapatikana wapi. Hifadhidata ya leo hufanya vivyo hivyo. Haisomi makala zote upya kila mtu anapotafuta. Hulishika neno, kisha huenda moja kwa moja lilipo.

Je, wajua kwamba mpangilio wa lugha unaweza kuuficha mji mzima? PostgreSQL, hifadhidata isiyolipiwa, ina utafutaji huu ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008. Ukiipa mpangilio wa Kiingereza, hutupa maneno ya Kiingereza yanayojirudia mno, na “same” ni mojawapo. Basi abiria anayetafuta basi la kwenda Same, mkoani Kilimanjaro, ataambulia patupu hata kama safari zipo tele. Dawa ni mpangilio uitwao “simple”, ambao hautupi neno. Mtengenezaji wa tovuti ya Kiswahili aanzie hapo.

Je, wajua kwamba PostgreSQL 16 ina kanuni za kutafuta shina la neno kwa lugha zaidi ya 20, Kiindonesia na Kitamili zikiwemo, lakini Kiswahili hakimo? Ni pengo linalouma. Kanuni za Kiingereza alizochapisha Martin Porter mwaka 1980 hukata miisho ya maneno, ilhali kwetu mabadiliko mengi hutokea mwanzoni.

Msaada upo kwenye kiendelezi cha pg_trgm, kinachokata neno vipande vya herufi tatutatu, nafasi za mwanzoni na mwishoni zikihesabiwa. “Kitabu” na “vitabu” vina jumla ya vipande 10 tofauti, na 4 kati yake ni vya pamoja: ita, tab, abu, na “bu” yenye nafasi mwishoni. Mfanano huo ni 0.4, juu ya kiwango cha kawaida cha 0.3, kwa hiyo aliyetafuta kimoja atapata na vingine. Vitenzi ndivyo vigumu. “Soma” na “hawajasoma” vinashirikiana vipande 3 tu kati ya 13, yaani kama 0.23, na utafutaji unaviacha.