Pikipiki ya Umeme: Kukadiria Masafa Yake
Chama cha msingi kabla ya kununua pikipiki ya umeme sharti kijue itafika wapi na kurudi. Katibu azidishe volti za betri kwa ampea-saa zake: volti 72 kwa ampea-saa 40 ni wati-saa 2,880. Ikitumia wati-saa 40 kwa kilomita, itakwenda kilomita 72. Sehemu moja ya tano iwe akiba. Zitabaki kilomita zipatazo 57. Mzigo, kasi, matope na mwinuko wa kutoka Nyangoto, bondeni mwa Mto Mara, kwenda nyanda za juu za Tarime huzipunguza zaidi. Kwa hiyo mwendeshaji aandike daftarini kilomita na chaji ya kila safari. Daftari hilo, wala si tangazo la muuzaji, ndilo litakalomwepusha mwanachama kusukuma pikipiki usiku.