Mpanga Njia Aishiye Ndani ya Hifadhidata

Hapo zamani, lakini si zamani sana, alikuwako bwana mmoja aitwaye Edgar Codd. Alizaliwa Uingereza, akawa rubani wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akavuka bahari na kuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California. Enzi hizo, aliyetaka kutoa habari kwenye kompyuta ilimlazimu aijue njia yote ya kuifikia: aanzie wapi, afuate kiungo kipi, ashukie wapi. Mpangilio wa data ukiguswa kidogo tu, programu yake inakwama.

Mwaka 1970 Codd alichapisha makala iliyowashtua wengi. Data zikae kwenye majedwali, mwenye shida ataje anachotaka, na njia ya kukifikia iachiwe mashine. Wapo waliobisha kwamba mashine ikijichagulia njia itachelewa mno. Hata hivyo, IBM ilijenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wakaeleza jinsi unavyokadiria gharama ya kila njia na kushika iliyo nafuu.

Sehemu hiyo ya hifadhidata, ichaguayo njia, tuiite Mpanga Njia. Yumo hadi leo ndani ya mifumo ya hifadhidata kama PostgreSQL, MySQL na Oracle. Ukitaka hifadhidata yako iende mbio, mwanangu, sharti uzoeane naye.

Tuseme una jedwali la matokeo ya mtihani lenye mistari 1,000,000, nawe unamtafuta mtahiniwa mmoja:

SELECT * FROM matokeo WHERE namba = 734512;

PostgreSQL hutunza data katika kurasa za kilobaiti 8. Mstari ukiwa na baiti 100 hivi, ukurasa hubeba mistari kama 80, na jedwali zima linafika kurasa 12,500. Kama hukumwekea Mpanga Njia msaada wowote, atazisoma zote kwa ajili ya mtu mmoja.

Utajuaje kwamba ndivyo anavyofanya? Kuuliza si ujinga. Tanguliza neno EXPLAIN mbele ya swali lako, naye atakutajia njia aliyokusudia bila kwenda popote. Ukiandika EXPLAIN ANALYZE, atakwenda kweli na kukuletea muda aliotumia. Angalia basi usiiweke ovyo mbele ya DELETE, maana mistari itafutika kwelikweli! Jibu likiwa na maneno Seq Scan, maana yake anapitia jedwali lote.

Dawa yake ni amri fupi:

CREATE INDEX ON matokeo (namba);

Hapo umejenga faharasa, na kazi yake ni kama ya ile iliyo mwishoni mwa kitabu, isipokuwa hii imepangwa kwa ngazi. Muundo wake, B-tree, ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa watafiti wa Boeing, ukachapishwa mwaka 1972. Chukulia ukurasa mmoja wa faharasa unabeba namba 300. Ukurasa wa juu unaelekeza kwenye kurasa 300, kila mmoja wa hizo kwenye nyingine 300, na kila mmoja wa hizo unataja mistari 300. Zidisha: 300 × 300 × 300 ni 27,000,000. Ngazi 3 zinatosha na kubaki. Mpanga Njia atasoma kurasa 3 za faharasa na ukurasa 1 wa jedwali. Kurasa 4, badala ya 12,500!

Wanaoanza wakishaona hivyo hukimbilia kuweka faharasa kwenye kila safu. Wewe usifanye hivyo. Kila mstari mpya unapoingia, faharasa zote nazo hudai kuandikwa, na mwishowe jedwali linakuwa jepesi kusoma na zito kuandika.

Tena iko siku utajenga faharasa na Mpanga Njia asiiguse. Usimlaumu kabla ya kumsikiliza. Huenda swali lako linataka waliofaulu, nao ni 900,000 kati ya 1,000,000. Kusoma jedwali moja kwa moja ni nafuu kuliko kurukaruka kati yake na faharasa. Au umeandika WHERE lower(jina) = 'asha', na faharasa uliyoijenga inajua Asha na ASHA tu, haijui herufi ndogo ulizozigeuza wewe. Hapo jenga faharasa ya lower(jina) yenyewe.

Sababu ya tatu ndiyo yenye hila. Mpanga Njia hahesabu mistari kila anapoulizwa. Hutegemea takwimu zilizokusanywa kwa sampuli. Data nyingi zikiingia kwa mkupuo, takwimu hizo hupitwa na wakati. Tazama jibu la EXPLAIN ANALYZE: akikadiria mistari 5 na iliyopatikana ni 400,000, amepanga safari kwa habari za zamani. Endesha ANALYZE matokeo, zikusanywe upya.

Na mara nyingine hana kosa lolote. Programu yako ndiyo inayomwuliza maswali 500, moja kwa kila shule, wakati swali moja lenye JOIN, yaani linalounganisha majedwali, lingetosha.

Kwa hiyo Codd alituondolea mzigo wa kuonyesha njia, ila alituachia kazi nyingine: kumpa Mpanga Njia faharasa za kuchagua, takwimu zisizochakaa, na maswali yaliyonyooka. Anayenunua seva kubwa kabla ya kusoma EXPLAIN anaweza kulipa pesa nyingi kwa tatizo linalotibika kwa amri ya mstari mmoja.

Sasa zamu yako. PostgreSQL haiuzwi, isakinishe, kisha andika:

CREATE TABLE matokeo AS SELECT g AS namba, (random()*100)::int AS alama FROM generate_series(1, 1000000) AS g;

Jenga faharasa ya alama, endesha ANALYZE, halafu tafuta wenye alama = 37, kisha wenye alama > 10, kila swali likitanguliwa na EXPLAIN. Kabla ya kubonyeza Enter, andika kwenye daftari lako ni swali lipi litatumia faharasa na lipi halitaitumia, na kwa nini.