Kamera Imekosa Mkalimani

Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo wenye laptopu za zamani wananiletea maswali kwa mafungu. Lililonivutia zaidi limetoka Makanyagio, Mpanda. Msomaji ana laptopu ya mwaka 2012, iliyozaliwa na Windows 7. Fundi alimpigia Windows 10 kwa sababu Windows 11 iliikataa mashine hiyo. Sauti ipo, Wi-Fi ipo, kamera haipo. Akapakua draiva kutoka kwa watengenezaji, akamaliza bando, akaisakinisha, na malipo yake yakawa alama ya mshangao ya njano na maneno "Code 10". Fundi wa pili akamwambia kamera imekufa. Ana usaili wa video na mwajiri wa Dar es Salaam, na nauli ya kutoka Katavi mpaka huko si ya kuchezea.

Sidhani kama imekufa. Ila kabla ya dawa, naomba niwapitishe mahali ninapopapenda.

Kamera iliyo juu ya kioo cha laptopu ni kifaa cha USB, sawa na fleshi unayochomeka pembeni. Tofauti ni kwamba waya wake umefichwa: unashuka nyuma ya kioo, unapenya kwenye bawaba na kuungwa kwenye bodi ndani. Kwa hiyo kila unapoiwasha mashine, kamera hupiga hodi kama kifaa kingine chochote cha USB. Hodi yenyewe ni ya umeme. Rizista ya ohm 1,500 huvuta mojawapo ya nyaya mbili za data hadi karibu volti 3.3, na kompyuta ikiona waya umepanda hujua mlangoni kuna mtu.

Basi chukua kijiji chochote cha wilaya ya Mlele au ya Tanganyika, huko Katavi, siku mfugaji anapoingia na ng'ombe wake akitafuta malisho. Haendi porini moja kwa moja. Anafikia kwa mwenyekiti, na mpaka aandikwe daftarini hana jina. Yeye ni "mgeni" tu, kama alivyokuwa mwenzake wa jana. Kwenye USB mwenyekiti ni kompyuta, na jina hilo la muda ni anwani 0. Kwa kuwa kila anayefika ni 0, mwenyekiti hapokei wawili kwa mpigo, maana akiita "mgeni!" wangeitika wote. Humtuliza kwanza aliye mbele yake kwa milisekunde zisizopungua 10, kisha humwomba barua ya utambulisho. Hapo kuna jambo ambalo huwa linanifurahisha: mara nyingi haisomi yote. Anachohitaji ni baiti 8 za mwanzo tu, ili ajue mgeni huyu anaweza kutoa maneno mangapi kwa pumzi moja. Akishajua, humpa namba yake ya kudumu, kati ya 1 na 127, ndipo huisoma barua nzima, baiti 18. Ya 9 na ya 10 hutaja ukoo, yaani kampuni. Ya 11 na ya 12 hutaja mtu mwenyewe, yaani modeli. Ukoo ukiandikwa 04F2, mgeni ni wa Chicony, kampuni ya Taiwan ambayo kamera zake zimejaa kwenye laptopu zenye nembo za watu wengine.

Mwenyekiti sasa anamjua mgeni, lakini hawaelewani. Anahitaji mkalimani, na huyo ndiye draiva. Wapo wanaosema "kiendeshi", neno ambalo diski nazo zimeshalichukua, na kila nikilisikia naona usukani. Nabaki na draiva, ingawa kazi yake ni ya mkalimani kabisa.

Wakalimani hutafutwa kwa mpangilio. Kwanza anaitwa wa ukoo, aliyeandikishwa kwa namba ileile ya kampuni na modeli ileile. Asipokuwepo, mwenyekiti hufungua kurasa za ndani za barua, na kwenye kamera nyingi atakuta namba 0E. Maana yake ni kwamba mgeni anajua lugha ya video ya wote. Lugha hiyo huitwa UVC, nayo ilitangazwa mwaka 2003 na muungano wa makampuni yanayosimamia USB. Kwa kamera, UVC ni kama Kiswahili mnadani: Msukuma, Mkonongo, Mbende na Mpimbwe wakikutana kupatana bei ya ndama, hakuna anayeulizia mkalimani. Mpimbwe anaweza kuwa na maneno yake ya nyumbani ambayo hayatafsiriki, lakini ng'ombe atauzwa. Mwaka 2008 Microsoft ikaweka sharti kwamba kamera inayotaka nembo ya Windows Vista iongee UVC, na laptopu ya 2012 imezaliwa baada ya sharti hilo. Mkalimani wa UVC yumo ndani ya Windows yenyewe, kwenye faili liitwalo usbvideo.sys. Hahitaji CD, hahitaji bando.

Sasa ugonjwa wa msomaji wetu unaonekana. Draiva aliyoipakua ni mkalimani wa ukoo aliyesomea Windows 7. Kwa kuwa namba zake zinafanana na za kamera kwa kila herufi, Windows 10 humpa kiti mbele ya yule wa Kiswahili, hata kama hajui sheria mpya za nyumba. Anakaa, anashindwa kuanza kazi, na kushindwa huko ndiko kunakoandikwa Code 10. Kamera haikuulizwa.

Dawa ni kumwondoa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, fungua Device Manager, bofya kamera kwa kitufe cha kulia, chagua Uninstall device, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva. Tiki hiyo ndiyo wengi wanaisahau, kisha wanashangaa mzee amerudi. Halafu Scan for hardware changes. Akiendelea kurudi, ingia Update driver, kataa kutafutiwa mtandaoni, omba kuchagua mwenyewe kwenye orodha, uchague USB Video Device.

Namba nyingine nazipitia haraka. Code 28 ni kwamba hakuna mkalimani kabisa. Dawa ni hiyohiyo ya orodha. Code 52 ni kwamba draiva haina saini ya kidijitali inayokubalika, nami nisingehangaika nayo, ningeifuta. Code 43 inatia shaka zaidi, kwa sababu mara nyingi kifaa kimeanza kuzungumza kikakwama, na hapo nautazama waya wa kwenye bawaba. Funika na kufunua laptopu polepole: picha ikija na kupotea kwa kufuata pembe ya kioo, umempata mhalifu. Kamera isipoonekana hata kwenye orodha, jaribu kwanza kitufe cha Fn chenye picha ya kamera.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi na fundi. Weka Linux Mint kwenye fleshi, washa laptopu kutoka kwenye fleshi hiyo bila kusakinisha chochote, ufungue programu ya kamera. Linux imekuwa na mkalimani wa UVC ndani ya kiini chake tangu mwaka 2008. Uso wako ukionekana, kamera ni nzima na ugomvi ni wa draiva. Na ndiyo, Windows 10 isiyotunzwa ina hatari zake za kiusalama, lakini usaili kwanza.

Limebaki la kuchekesha. Baadhi ya laptopu, hasa za Asus za miaka ile, zilifungwa kamera kichwa chini kiwandani. Nani atabomoa maelfu ya vifuniko? Wakamwachia mkalimani wa ukoo kazi ya kuipindua picha kimyakimya. Mkalimani wa wote hana habari hiyo, hivyo ukimweka yeye unaweza kujikuta unaning'inia kama popo mbele ya mwajiri. Watu wa Linux waliamua kuzikusanya modeli hizo kwenye orodha, moja baada ya nyingine, ndani ya maktaba ya programu iitwayo libv4l. Laptopu ikitajwa humo, picha inageuzwa kabla hujaiona.