Ruhusa ya Mgonjwa na Chanjo ya Lindi

Mtu akitoka Simi-Simi na kufuata Mto Kongo upande wa magharibi, atafika mahali mto Lindi unapoingia. Kando ya Lindi, tangu mwaka 1956, waganga wa laboratwari ya Stanleyville (ndilo lilikuwa jina la Kisangani) walifunga mamia ya sokomutu katika vizimba. Walitaka kujaribu chanjo ya polio, ugonjwa ule unaopoozesha miguu ya watoto. Chanjo hiyo, CHAT, ilikuwa kazi ya bwana Hilary Koprowski wa Marekani. Mkubwa wa laboratwari alikuwa mganga Mbelgiji, Ghislain Courtois.

Baada ya sokomutu ikafika zamu ya watu. Kati ya tarehe 24 Februari na 10 Aprili 1958, katika bonde la Ruzizi, watu 215,504 walimezeshwa dawa ile. Waliitwa kwa ngoma, wakapanga mstari, wakafungua vinywa.

Je, walikubali? Wengine watajibu: walikuja wenyewe. Lakini wasomaji wetu wenye wazazi wa wakati ule wanajua ngoma ya chefu ilikuwa na maana gani. Chefu aliagizwa na serikali, na mwenye kukosa alijua yatakayompata. Kufika si kukubali. Mtu hukubali akiisha kuelezwa dawa ni nini, itamletea faida gani na hatari gani, tena akiwa na uwezo wa kurudi nyumbani bila adhabu.

Wala tusiseme kwamba zamani hizo sheria hiyo haikujulikana. Mwaka 1947, huko Nuremberg, mahakimu waliohukumu waganga wa Ujerumani waliandika kwamba mtu asijaribiwe dawa pasipo ukubali wake wa hiari. Mwaka 1952 Papa Pio wa 12 aliwafundisha waganga kwamba hawana haki juu ya mgonjwa ila ile anayowapa mgonjwa mwenyewe, na kwamba faida ya wengi haitoshi kumfanya mtu awe chombo. Basi ruhusa ya serikali si ruhusa ya mtu.

Hatusemi waganga wale walikuwa na nia mbaya. Polio ililemaza watoto wengi, na kuikinga ni kazi njema. Tena si Waafrika peke yao waliofanyiwa hivyo: mwaka 1950 Koprowski alianza na watoto 20 wa nyumba ya wenye ulemavu wa akili katika jimbo la New York. Watoto wale na watu wa Ruzizi walifanana kwa jambo moja: wote hawakuweza kusema hapana.

Mambo yaliyofanywa bila maelezo huzaa uvumi. Mwaka 1999 Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu, akadai kwamba ukimwi ulitoka katika chanjo ya Lindi. Wataalamu wamechunguza na kukuta sivyo. Chupa za chanjo zilizobaki hazikuwa na virusi vya sokomutu. Mwaka 2004 ilionekana kwamba virusi vya sokomutu wa pande za Kisangani ni ukoo mwingine. Vile vilivyozaa ukimwi ulioenea duniani vinatoka kusini ya Kameruni, tena viliingia kwa watu miaka mingi kabla ya vizimba vya Lindi. Na matone ya polio wanayopewa watoto wetu leo yanatokana na kazi ya Albert Sabin, siyo CHAT. Mama akiuliza, aelezwe hayo yote kwa upole. Kumcheka ni kumfukuza.

Katika Ebola ya Ituri na Kivu ya Kaskazini, tangu 2018 hata 2020, kila mtu aliombwa ukubali kabla ya kuchanjwa, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hata hivyo wamama wenye mimba walikatazwa mwanzoni, ingawa Ebola iliwaua vibaya. Mlango ulifunguliwa mwaka 2019. Kumkinga mtu na hatari ya dawa bila kumuuliza, huku ukimwacha katika hatari ya ugonjwa, nako ni kuamua mahali pake.

Inabaki karatasi yenyewe. Mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa kigumu, na mgonjwa huweka kidole chini pasipo kufahamu neno. Isomwe kwa Kiswahili au Kilingala, mbele ya ndugu aliyechaguliwa na mgonjwa, naye aambiwe wazi kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Na kama ugonjwa unaruhusu, apewe usiku mmoja wa kuuliza nyumbani.