Raga huvuka mpaka, jezi ya taifa hudai cheti cha asili

KASESE, Uganda

MFANYABIASHARA anayevuka Mpondwe kwenda Kasindi, Kongo, analijua swali la forodhani: mzigo huu umetoka wapi? Cheti cha asili ya bidhaa ndicho kinachojibu. Mchezaji wa raga anayetafuta riziki ng'ambo naye huulizwa hivyo hivyo, ila asili inayotafutwa ni yake mwenyewe.

Mfano ni Philip Wokorach wa Uganda. Aliichezea Kobs ya Kampala, akavuka kwenda Kabras Sugar ya Kakamega, Kenya, kisha akafika Ufaransa katika klabu ya Bourgoin-Jallieu. Mwajiri alibadilika, nchi ya kazi ikabadilika, lakini jezi ya taifa ilibaki ya Uganda, mabingwa wa Afrika wa raga ya wachezaji 7 mwaka 2016, 2017 na 2022.

Klabu huweza kumwajiri mgeni mwenye kibali. Taifa halina uhuru huo. Kanuni za World Rugby, shirika linalosimamia mchezo huo duniani, zinataka mchezaji awe amezaliwa katika nchi hiyo, au mzazi, babu au bibi yake awe alizaliwa huko, au yeye awe amesajiliwa katika raga ya huko miaka 5 mfululizo, ama ameishi huko miaka 10 kwa jumla.

Tangu Januari 2022, aliyekwisha kuchezea taifa moja anaruhusiwa kuhamia jingine, mara moja tu. Sharti akae miezi 36 bila kuchezea timu ya taifa, na yeye, mzazi, babu au bibi yake awe alizaliwa katika nchi anayohamia.

Kwa Bwera, habari hii si ya mbali. Mto Lhubiriha umegawa nchi, haukugawa ukoo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu, na lugha zao zinasikilizana. Kijana wa Bwera ambaye bibi yake alizaliwa Kasindi ana milango miwili, Uganda na Kongo.

Lakini mlango bila karatasi haufunguki. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na biashara imezoea kudai hati. Vipaji navyo vitadaiwa. Familia inayotunza risiti za forodha itunze pia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na cha bibi kama kipo. Kama hakipo, kitafutwe bibi angali hai.